Naomba ushauri: waya zipi za spika na HDMI (za picha na sauti ya TV) nizamishe ukutani kabla ya plasta?

MjenziDom:
Wakuu, habari za jioni. Nyumba yangu hapa Dodoma imefika hatua ya plasta na fundi anaanza sebule Jumatatu. Nataka waya zote za TV na redio zizame ukutani. Tulikopanga, watoto walikuwa wanajikwaa kila siku, hadi spika moja ikaanguka na kupasuka.

Nina TV ya 4K ya inchi 55, king'amuzi, na risiva (kikuza sauti) yenye spika tano na sabufa (spika ya besi). Spika zimeandikwa ohm 6 (kipimo cha ukinzani wa umeme). Risiva na king'amuzi vitakaa kwenye kabati la pembeni, na kufuata ukuta hadi kwenye TV ni mita 9. Spika za nyuma ni mita 12 kila moja.

Dukani wananiambia HDMI "ya dhahabu" ya mita 10 ni shilingi 180,000, eti rangi zitakolea. Kwa spika wamenionyesha ule waya mwembamba, mwekundu na mweusi. Bajeti yangu ya waya zote ni laki tatu. Nisaidieni nisije nikavunja ukuta mwakani.

Kitasa:
Dada, achana na hiyo HDMI. Picha ya HDMI husafiri kidijitali: ikifika, imefika yote. Waya ukishindwa utaona vidoa vyeupe vikimetameta, au kioo kinakuwa cheusi sekunde mbili kisha picha inarudi. Rangi haikolei kwa sababu ya waya. Dhahabu kwenye ncha inazuia kutu, basi. Mimi niliye Tanga, upepo wa chumvi unatafuna kila kitu, inanifaa kidogo. Dodoma na ukavu wake, hapana.

Waya_Mnene:
Naongezea kwa Kitasa, maana watu wengi hutupa hela hapa. Jiulize huo waya wa mita 9 utabeba nini. King'amuzi kinatoa picha ya 1080 (ndogo kuliko 4K), ambayo haifiki hata gigabiti 5 kwa sekunde. 4K kamili ya picha 60 kwa sekunde ndiyo inataka gigabiti 18, na hapo ndipo waya mrefu wa kawaida unapoanza kusumbua. Sasa Netflix na YouTube unaangalia kupitia nini?

MjenziDom:
Ziko ndani ya TV yenyewe, mkuu.

Waya_Mnene:
Basi hiyo 4K haipiti ukutani kabisa. Kitakachotoka kwenye TV kwenda risiva ni sauti tu. Angalia nyuma ya TV, kuna tundu moja la HDMI limeandikwa ARC, yaani njia ya kurudisha sauti. Chomeka hapo, na upande wa risiva chomeka kwenye HDMI OUT iliyoandikwa ARC pia. Waya huohuo mmoja utapeleka picha ya king'amuzi kwenye TV na kurudisha sauti ya TV kwenye risiva. Kisha ingia kwenye mipangilio ya TV na ya risiva uwashe CEC, inayofanya vifaa viamrishane kupitia HDMI (kila kampuni inaiita jina lake). Usipoiwasha, kwenye vifaa vingi sauti haitoki, na watu hulaumu waya.

Watoto wakija kutaka PlayStation, iweke chini ya TV na uutumie waya mfupi uliokuja kwenye boksi lake, ili 4K yake isipite kwenye waya mrefu.

Bi_Sauti:
Mimi hofu yangu ni spika za nyuma. Huo waya mwembamba usiuchukue, dada yangu. Tuseme unene wake ni milimita 0.5 za mraba. Mita 12 kwenda na 12 kurudi ni 24, na kwa shaba halisi ukinzani unafika kama ohm 0.84. Sisi tunaofunga spika tunataka usizidi asilimia 5 ya ohm za spika, yaani 0.3 kwako. Waya wa 1.5 unakupa 0.28, umepita kwa shida. Wa 2.5 unakupa 0.17, na huo ndio ningezika ukutani. Za mbele zenye mita tatu nne, 1.5 inatosha sana.

Na hakikisha ni shaba. Siku hizi kuna alumini iliyopakwa shaba juu. Omba kipande, kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukitoka mweupe ndani, acha. Mimi niliwahi kuuziwa rola zima la namna hiyo, nikagundua plasta imeshakauka.

Fundi_Bomba:
Wote mmesema vizuri, ila waya usizikwe wenyewe kwenye saruji. Pitisha bomba. Na hilo bomba jembamba la umeme la milimita 20 halifai kwa HDMI, kichwa chake hakipiti. Weka la inchi moja na nusu, kona ziwe za mviringo mpana, na uache kamba ya nailoni ndani. HDMI ikifa baada ya miaka mitano, unafunga mpya kwenye kamba na kuvuta.

Jambo la usalama: waya wa spika usikae bomba moja na umeme wa 230. Acha nafasi ya sentimita 30 hivi, na zikikutana zikatane kama msalaba. Ukinunua waya wa 2.5 unaofanana na wa soketi, andika SPIKA kwa utepe kila mwisho. Fundi mwingine anaweza kuja kuuunga kwenye umeme.

Bi_Sauti:
Na sabufa, dada: RCA moja (waya wa sauti) yenye nyuzi za shaba zilizofumwa kuizunguka, ikae mbali na umeme, la sivyo itavuma usiku kucha.

MjenziDom:
Nawashukuru sana. Leo nimekwaruza waya maduka mawili, zote nyeupe ndani. Duka la tatu nimepata shaba, nimechukua 2.5 ya nyuma na 1.5 ya mbele, na HDMI ya kawaida ya mita 10. Niliijaribu kwanza sakafuni na king'amuzi saa nzima, haikukatika. Swali la mwisho: nitajuaje chanya na hasi baada ya plasta?

Bi_Sauti:
Betri ya AA. Gusisha ncha mbili za waya kwenye betri upande wa risiva huku spika imeungwa. Koni ikiruka kuja mbele, chanya ya betri iko kwenye chanya ya spika. Ikirudi nyuma, geuza. Gusa tu na kuachia.

Fundi_Bomba:
Na kabla ya Jumatatu, piga picha kila ukuta ukiwa umeweka futikamba kutoka kwenye kona. Siku ya kutoboa ukuta utundike fremu, utaihitaji.