Naomba ushauri: modeli inakataa mkopo, mwanachama anauliza "kwa nini?"

Mwana_Uyole (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. SACCOS moja hapa Mbeya, wanachama wengi ni wakulima wa kahawa wa Mbozi, inatumia modeli ya akili mnemba kupitia maombi ya mkopo. Inatoa alama tu, tuseme 0.41, na chini ya 0.5 umekosa. Mwanachama akihoji, karani hana jibu. Nimeisoma nadharia rasmi ya hoja, ile ya Phan Minh Dung ya 1995, nataka kuitumia kumpa mwanachama sababu. Nianzie wapi?

Mzee_wa_Mishale
Mkuu, kwa Dung kuna vitu viwili tu: hoja, na mishale ya ipi inaipinga ipi. Chukua ombi moja. H1: apewe, akiba inatosha. H2: asipewe, rejesho la mwisho lilichelewa siku 60, inaipinga H1. H3: alichelewa kwa kuwa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ilichelewa kumlipa kahawa yake, inaipinga H2.

Anza na isiyopingwa, H3, uikubali. Kila inayopingwa na iliyokubaliwa ianguke: H2 nje. H1 imebaki bila mpinzani, inakubaliwa. Rudia mpaka kisibadilike kitu. Hiyo ndiyo seti ya msingi, na kompyuta ya kawaida inaimaliza upesi hata hoja zikiwa mamia.

Sasa ikija H4, hati inayoonyesha alilipwa kabla ya tarehe ya rejesho, H3 inaanguka, H2 inafufuka, H1 inakwenda na maji. Karani anasema: "Kilichokukwamisha ni rejesho. Utetezi wa AMCOS umeangushwa na hati hii." Mwanachama anajua kabisa alete ushahidi wa kupinga nini. Utamu wote wa njia hii uko hapo.

Binti_Rungwe
Naongezea: jihadhari na duara. Mdhamini anasema shamba ni la mwombaji, jirani anasema ni la kaka yake. Zinapingana zenyewe kwa zenyewe, na seti ya msingi haikubali hata moja. Wengine hukimbilia seti pendelevu (seti kubwa kadiri inavyowezekana ya hoja zisizopingana zinazoweza kujitetea), wanapata majibu mawili, kisha wanachagua linalowafurahisha. Usifanye hivyo. Kamati ya mikopo ipange mapema ushahidi upi una nguvu (hati ya kijiji juu ya maneno matupu), na mshale wa hoja dhaifu ufutwe. Zikilingana nguvu, andika "haijaamuliwa" na upeleke faili kwa watu.

Mwana_Uyole
Nimekuelewa dada. Ila modeli yangu inatoa namba, zinaingiaje?

Fundi_Mizani
Kila hoja ipe uzito wa kuanzia kati ya 0 na 1, na weka mishale ya kuunga mkono pamoja na ya kupinga. Kanuni ya DF-QuAD, ya kukokotoa nguvu ya hoja kwa namba, inatosha. Ombi lina 0.5, pingamizi 0.6, uungaji mkono 0.4. Pingamizi limezidi kwa 0.2, basi 0.5 − 0.5 × 0.2 = 0.4. Uungaji ukizidi, unaongeza sehemu ya nafasi iliyobaki kufikia 1.

Panapoharibika ni hapa: "rejesho lilichelewa" na "siku za deni ni nyingi" ni jambo lilelile. Ukiziweka kama hoja mbili za 0.6, nguvu yao inakuwa 1 − (1 − 0.6) × (1 − 0.6) = 0.84, inazidi uungaji wa 0.4 kwa 0.44, na ombi linashuka hadi 0.28. Umemwadhibu mtu mara mbili kwa kosa moja. Ziunganishe kabla ya kukokotoa.

Mzee_wa_Mishale
Na jambo zito kuliko yote: grafu (mchoro wa hoja na mishale) iliyochorwa pembeni inaweza kueleza vizuri uamuzi ambao modeli ilifanya kwa sababu nyingine kabisa. Huo ni uongo kwa mwanachama hata kama hukukusudia. Pitisha faili za zamani, tuseme 200, kwenye grafu na modeli. Kisha ondoa taarifa ya hoja moja moja: grafu ikibadili jibu, modeli nayo ibadili. Zinapoachana, usitoe maelezo yoyote, faili liende kamati. Kumbuka pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inagusa maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake.

Mwana_Uyole
Ndaga fijo wakuu. Naanza na faili zilizokataliwa, hoja zisizidi kumi kwa kila moja.

Binti_Rungwe
Changanya na zilizokubaliwa kaka. Ukijaribu zilizokataliwa tu, grafu inayokataa kila mtu itaonekana imefaulu.