Paa la kioo, polikaboneti au bati kwa chumba cha baraza, na milango ya kukunja: naombeni ushauri kabla sijalipa

NuruBarazani

Wakuu, habari zenu. Nina baraza nyuma ya nyumba, nataka niligeuze liwe chumba cha kukaa chenye mwanga, na mbele kifunguke chote kuelekea bustanini. Upana ni mita 5, kina mita 3.5, na kutoka sakafuni hadi chini ya paa la nyumba ni mita 2.95. Uwazi wa milango utakuwa mita 4.5. Baraza linatazama magharibi, kwa hiyo jua la alasiri linaingia lote.

Moyo wangu uko kwenye paa la kioo kitupu na milango ya kukunja ya aluminiamu, paneli tano. Fundi wa kwanza anasema paa liwe polikaboneti (zile karatasi ngumu za plastiki zinazopitisha mwanga, zenye mifereji ndani), wa pili anasema bati na siling bodi. Kwenye milango, mmoja anataka ining'inie juu, mwingine anataka itembee kwa magurudumu chini. Halafu mama mkwe anaishi nasi na anatembea kwa mkongojo, sitaki kizingiti cha kumkwaza. Nisaidieni kabla sijatoa malipo ya awali.

KivuliKwanza

Dada, kama baraza linatazama magharibi, kioo kitupu juu usiweke. Kioo cha kawaida kinapitisha zaidi ya asilimia 80 ya joto la jua, na likishaingia halitoki kwa urahisi. Alasiri hutakaa humo ndani, na chumba umekijengea kukaa alasiri.

Usidanganyike pia na vioo viwili vyenye nafasi katikati. Hivyo vinasaidia joto la ndani lisitoke wakati wa baridi, lakini jua bado linapita, karibu robo tatu yake. Ukitaka kioo lazima, tafuta kile chenye utando wa kuzuia joto la jua. Vipo vinavyopitisha theluthi tu au pungufu. Pazia la ndani ni la kupunguza mng'ao, basi. Kivuli chenye maana kinakaa nje, kabla jua halijagusa kioo.

Na popote utakapoangukia, weka tundu la kutolea hewa juu kabisa, pale paa linapokutana na ukuta wa nyumba. Hewa ya moto inapanda, usipoipa njia inabaki kichwani mwenu hata milango ikiwa wazi.

TuliaKidogo

Niongezee moja tu. Polikaboneti mvua ikinyesha kubwa hamsikilizani. Kama hapo ndipo mtakapokaa jioni kuzungumza, liweke kwenye hesabu.

BoritiNaKenchi

Nimesoma vipimo vyako mara mbili. Naona mnaamua paa peke yake na milango peke yake, na hapo ndipo kazi za namna hii zinapoharibikia. Boriti ya mbele, ile iliyo juu ya milango, inabeba nusu ya paa. Kama milango itaning'inia, inabeba na milango. Kwa hiyo uamuzi ni mmoja.

Chukua kalamu. Kioo kina uzito wa kilo 2.5 kwa kila milimita moja ya unene katika mita moja ya mraba. Paa lako ni mita za mraba 17.5. Kioo cha paa kilicho salama ni tabaka mbili, na cha ndani lazima kiwe kile kilichogandishwa kwa utando wa plastiki kama kioo cha mbele cha gari, ili kikipasuka kisiwaangukie. Jumla ya unene wa kioo ikiwa milimita 12, ni kilo 30 kwa mita ya mraba. Paa zima kilo 525, kabla ya fremu. Nusu yake, zaidi ya kilo 260, inalala kwenye boriti ya mbele.

Sasa milango. Paneli ya sentimita 90 kwa mita 2.2 yenye vioo viwili vya milimita 4 ina kilo 40 za kioo, ukiweka na fremu unafika kama 50. Paneli tano ni kilo 250. Ukiikunja yote, mzigo huo unahamia upande mmoja wa boriti. Boriti ikibonyea milimita chache tu, paneli zinaanza kukwaruza chini na kufuli halikutani na tundu lake. Utamwita fundi wa milango arekebishe bawaba, ataondoka, na tatizo litarudi, kwa sababu bawaba hazina kosa.

Kwa polikaboneti ya milimita 16 paa lote halifiki kilo 60. Bati lenye povu katikati nalo ni jepesi ukilinganisha na kioo. Ndiyo maana nakwambia chagua paa kwanza, kisha mhandisi akupigie hesabu ya boriti, halafu ndipo uulize milango ining'inie au itembee chini. Uwazi wa mita 4.5 si wa kukadiria kwa macho.

Kuna mteremko pia. Polikaboneti inataka angalau digrii 5, ambazo kwa kina chako ni kushuka sentimita 31. Mlango mita 2.2, boriti sentimita 25, jumla mita 2.76. Unabaki na sentimita 19 za unene wa paa na flashingi ya ukutani (bati la kuzuia maji pale paa linapokutana na ukuta), inatosha. Kioo ningekiteremsha digrii 10 au zaidi ili mvua ikisafishe na maji yasituame kwenye viungio. Digrii 10 ni kushuka sentimita 62, jumla mita 3.07. Huna urefu huo, labda ufupishe milango.

NuruBarazani

Asante sana mkuu, hakuna fundi aliyenipigia hesabu hii. Ila nikiweka bati si nitapata chumba cha giza? Lengo lote lilikuwa mwanga.

KivuliKwanza

Hofu yako ina msingi, na giza zaidi litakuwa kwenye chumba kilicho nyuma ya baraza, ambacho sasa kinapata mwanga kupitia hapo. Changanya. Sehemu kubwa ya paa iwe bati la povu, halafu acha ukanda wa kioo cha kuzuia joto karibu na ukuta wa nyumba. Mwanga utashuka ukutani na kuingia chumba cha ndani, na uzito hautakusumbua, kwa sababu ukanda uko upande wa ukuta, mbali na boriti ya mbele. Mbele una mita 4.5 za vioo tayari.

FundiReli

Mimi natengeneza milango ya aluminiamu, niongelee upande huo.

Kwa boriti ndefu namna hii ningekushauri ya magurudumu ya chini. Mzigo unakwenda sakafuni, na boriti ikicheza kidogo reli ya juu inaongoza tu, haibebi. Kasoro yake ni usafi: mchanga na majani yakijaa kwenye reli, magurudumu yanaisha mapema. Brashi na kifyonza vumbi mara kwa mara, utaishi nayo vizuri.

Paneli tano ni uamuzi mzuri. Idadi isiyogawanyika kwa mbili inakupa paneli moja ya pembeni ifunguke kama mlango wa kawaida, hutalazimika kukunja ukuta mzima kila anayetaka kutoka. Muulize anayekutengenezea akuonyeshe kwenye mchoro ni ipi na bawaba ziko upande gani.

Kwa mama: reli izamishwe iwe sawa na sakafu, inawezekana. Lakini kizingiti kile ndicho huzuia maji, ukikiondoa lazima uweke mfereji wenye wavu nje ya reli, urefu wote wa mita 4.5, wenye bomba la kutolea maji, na sakafu ya nje iteremke kuelekea bustanini. Mfereji uchimbwe kabla ya vigae. Na gata la paa liwe juu ya milango hiyohiyo, maana maji yote ya paa yanaangukia upande huo.

TuliaKidogo

FundiReli, na mlango wa kuteleza je? Si rahisi kuliko huo wa kukunja?

FundiReli

Una viungo vichache na vioo vyake vikubwa, mandhari inaonekana vizuri ukiwa umefungwa. Lakini wa paneli mbili unafunguka nusu tu, wa tatu theluthi mbili. Dada ametaka kifunguke chote. Angekuwa anafunga muda mwingi wa mwaka ningemwambia achukue wa kuteleza.

BoritiNaKenchi

Kwa atakayesoma uzi huu na kuchagua polikaboneti: upande wenye kinga ya mionzi ya jua lazima utazame juu, kwa kawaida nailoni yake ina maandishi. Ukigeuzwa, inakuwa ya njano na kukatika. Karatasi ya mita 3.5 inaweza kurefuka karibu milimita 9 joto likipanda kwa nyuzi 40, kwa hiyo matundu ya skrubu yawe makubwa kuliko skrubu. Mifereji yake ya ndani ifuate mteremko, juu izibwe kabisa, chini ifungwe kwa utepe unaopumua ili unyevu utoke.

NuruBarazani

Nimeamua: bati la povu na ukanda wa kioo kwenye ukuta, milango ya magurudumu ya chini, reli iliyozama na mfereji. Mhandisi kwanza. Swali la mwisho, zifungukie ndani au nje?

FundiReli

Nje, kama bustani ina nafasi. Hupotezi eneo la ndani, na upepo ukivuma unazisukuma paneli zikaze kwenye mpira wa fremu. Ila ziwe na kishikio cha kuzifunga ukutani zikikunjwa, upepo wa ghafla usizirudishe kwa nguvu mtu akiwa anapita. Wavu wa mbu basi ukae upande wa ndani, ule wa mikunjo unaovutwa kwa pembeni. Agiza pamoja na milango, fremu yake inahitaji nafasi.