Filamu za afande anayeanguka hazichuji: tupeane uzoefu wa kinachozibeba

Mpenda Senema (mwanzisha mada)

Wakuu, mada hii ni kwa wanaozijua filamu za vichekesho vya polisi kwa ndani: wahariri, watu wa sauti, watu wa stanti (matendo ya hatari kama kuanguka na kuruka), na walioziangalia mpaka wamezikariri. Orodha za "kumi bora" zimejaa kila mahali, hapa tuziache. Tueleze zinavyofanya kazi. Mack Sennett alianzisha kampuni ya Keystone kule Los Angeles mwaka 1912. Polisi wake waliojazana kwenye gari moja, wakidondoka kila kona, bado wanawachekesha watoto ambao hawajawahi kuona filamu isiyo na sauti.

Msimamo wangu ni kwamba kinachozibeba ni sare. Mtu akitokea na kofia, mkanda na filimbi, mtazamaji ameshajua cheo chake, anachotakiwa kufanya na anachoogopa kupoteza, na hakuna neno lililosemwa. Raia akiteleza umeona mtu ameteleza. Afande akiteleza, heshima yote aliyokuja nayo imeenda chini pamoja naye, na hilo halihitaji mkalimani. Leteni vitu.

Mkanda 35

Mkuu, sare nakubali, ila lazima kuwe na ngazi ya vyeo. Mtazameni Louis de Funès kwenye filamu sita za askari wa Saint-Tropez, Ufaransa, kuanzia 1964 hadi 1982. Cruchot, mhusika wake, ana askari chini yake, na juu yake yupo Gerber, aliyeigizwa na Michel Galabru. Kwa wa chini anafoka mpaka mishipa inamtoka. Gerber akitokea mlangoni, uso uleule unalainika papo hapo, mgongo unainama, mikono inashikana mbele, tabasamu linakuja. Gerber akigeuka kuondoka, ufokaji unaanzia pale ulipokatikia. Hakuna aliyeanguka wala kilichovunjika, lakini ni kichekesho cha mwili mtupu.

Kwa hiyo anayeandika sini (tukio moja la filamu) ya kituo cha polisi aweke watu watatu: wa juu, wa kati na wa chini. Wa kati ndiye anayebeba kicheko, maana ana pande mbili za kuumbukia. Ukiweka wawili tu, mara nyingi unabaki na ugomvi.

Halafu kuna kujikusanya. Kwenye A Shot in the Dark ya 1964, Clouseau, mpelelezi anayeigizwa na Peter Sellers, anafika kwenye jumba lenye mauaji, anashuka garini na kutumbukia majini. Anatoka amelowa chapachapa na anaendelea na uchunguzi kwa sura ya mtu mwenye mamlaka kamili. Nusu ya kichekesho iko kwenye hiyo sura. Mwigizaji akiinuka huku anacheka mwenyewe, au akimwangalia mwenzake kama anaomba kuonewa huruma, hapo sini imekufa.

Mkata Picha

Nazungumzia kamera na uhariri, maana hapo ndipo sini nyingi za siku hizi zinaharibika.

Kwanza, mwili uonekane wote, kuanzia kofia mpaka buti, na sakafu ionekane pia. Mtazamaji anataka kuona kitu kitakachomwangusha afande KABLA afande hajakiona. Ukikata kwenda kwenye picha ya karibu ya mguu, halafu uso, halafu matako yakigonga chini, umemweleza mtu kwamba fulani ameanguka, lakini hujamwonyesha anguko. Kata baada ya kutua, na usiwahi. Kutoka kutua mpaka kukata mwachie sekunde moja hadi moja na nusu, ukumbi ucheke, na mwigizaji apate nafasi ya kuweka kofia yake sawa.

Mfano ninaourudia sana ni Cops ya Buster Keaton, 1922. Kijana amevuruga gwaride la polisi bila kukusudia na sasa jeshi zima liko nyuma yake. Anasimama katikati ya barabara, gari linapita, analidaka kwa mkono mmoja, mwili unanyanyuka na kulala hewani kama bendera, kisha anatoweka nje ya fremu, yaani mipaka ya picha. Picha ni moja, kamera imetulia. Ingekatwa mara tatu, leo hakuna ambaye angeikumbuka.

Pili, mwendo. Wapiga picha wa enzi hizo walizungusha kamera kwa mkono. Wakizungusha polepole, filamu ikionyeshwa kwa kasi ya kawaida watu wanakimbia kuliko uhalisia. Hesabu yake ni nyepesi: ukipiga kwa fremu (picha moja moja) 16 kwa sekunde na kuonyesha kwa 24, mwendo umekuwa mara moja na nusu, na tendo la sekunde 12 linakwisha kwa sekunde 8. Kwa kamera za sasa, kama mradi wako ni wa fremu 25, piga kwa 20. Unapata mara 1.25, kiasi ambacho mtazamaji anakisikia mwilini lakini hawezi kukinyooshea kidole. Ukishuka chini ya 16 mwendo unaanza kukatikakatika. Vitu vitatu vinakusaliti haraka: maji yanayomwagika, vumbi, na nguo inayopepea. Vikiwepo kwenye fremu, acha kasi ya kawaida.

Shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) nayo irekebishwe. Ukipiga kwa 20, weka sehemu moja ya 40 ya sekunde, vinginevyo ukungu wa mwendo hautafanana na picha za kabla na baada. Na usikimbize picha yenye maongezi: kwa mara 1.25 sauti inapanda karibu noti nne za nusu, afande anakuwa katuni. Maongezi yapigwe kivyake.

Buti na Magodoro

Nasemea upande wa stanti. Sare ya polisi ni rafiki mkubwa kwa anayeanguka, kwa sababu inaficha. Agiza sare iliyozidi saizi moja, halafu ndani weka pedi za nyonga, mkia wa mgongo, viwiko na magoti. Adui yuko kwenye mkanda. Pingu, redio na tochi vya kweli vikikaa nyuma ya kiuno, ukitua unatua navyo juu ya uti wa mgongo. Vyote viwe vya mpira au povu, na nyuma ya kiuno pabaki patupu hata kama askari wa kweli huvaa vitu pale. Kamera haitagundua.

Kuanguka chali: kunja magoti kwanza ili kiuno kishuke, tua kwa tako moja, siyo kwa mkia wa mgongo. Kidevu kiguse kifua, mgongo uwe mviringo, na mikono yote miwili ipige sakafu kwa pamoja, kiganja na kigasha, ikiwa imeachana na kiwiliwili kama nyuzi 45. Kosa la kila anayeanza ni kunyoosha mkono nyuma kujizuia, na hapo kifundo cha mkono ndicho kinachobeba uzito wote na kuvunjika. Kosa la pili ni kuachia kidevu, kisogo kikafuata. Fanya mazoezi ukiwa umechuchumaa kwenye mkeka mnene, kisha ukiwa umesimama kwenye mkeka uleule, na mwisho kabisa sakafu, chini ya macho ya mwalimu.

Kofia haitakiwi kuruka mwanzoni. Iache itoke ya mwisho, baada ya mwili kutulia. Uzi mwembamba wa rangi ya nywele unaishikilia, na mtu aliye nje ya fremu anauvuta.

Vioo: njia ya zamani ni kioo cha sukari. Sukari vikombe vitatu na nusu, maji vikombe viwili, sharubati nyepesi ya mahindi kikombe kimoja. Chemsha kwa moto wa wastani mpaka kipimajoto kisome kama 150 kwa Selsiasi, mimina kwenye trei iliyopakwa mafuta, acha ipoe. Ukipitisha 160 inageuka kahawia na kamera inaona chupa ya dawa badala ya dirisha. Ukitoa mapema inabaki laini, inajikunja badala ya kuvunjika. Sukari inavuta unyevunyevu wa hewa, kwa hiyo tengeneza siku ya kupiga picha, maana kesho yake inanata. Na wakati wa kuchemsha iheshimuni, sukari ya moto huo ikigusa ngozi inang'ang'ania na kuunguza. Vipande vyake pia vina makali, msimrushe mtu uso mbele. Kazi kubwa siku hizi hutumia kioo cha resini kwa sababu kinakaa na ni chepesi.

Jackie Chan kwenye Police Story ya 1985 yuko daraja lingine: aliteleza kwenye nguzo ndefu ya duka kubwa iliyozungushiwa taa, viganja vikaungua. Naitaja ili ieleweke kwamba mtazamaji anatambua uzito wa kweli. Wala haiigwi.

Fundi Sauti

Watu wa sauti tumesahaulika. Chanzo cha mlio wa kibao kwenye vichekesho ni mbao mbili bapa zilizofungwa pamoja kwenye mpini, zilizotumiwa na wachekeshaji wa jukwaani wa Italia karne nyingi zilizopita: pigo dogo, mlio mkubwa. Kanuni ni hiyohiyo leo. Mlio uwe mkubwa kuliko maumivu. Ukiweka mlio wa kweli wa mfupa na nyama, ukumbi unashtuka na kicheko kinaondoka. Weka kibao cha ubao mkavu, sufuria, au bomba la chuma lenye mwangwi.

Muda: kwenye fremu 25 kila fremu ni milisekunde 40. Mlio ukichelewa fremu moja, hakuna atakayelalamika. Ukiwahi fremu moja au mbili, jicho linakataa, kwa sababu kwa kawaida tunaona kabla ya kusikia. Na kabla ya pigo kubwa punguza kila kitu kwa nusu sekunde: muziki, king'ora, hata kelele za mtaani. Ukimya huo unamwambia mtazamaji ajiandae.

Michael Winslow kwenye Police Academy, filamu za Marekani za vichekesho vya chuo cha polisi, alifanya milio kwa mdomo wake: bunduki, redio, mashine. Inachekesha kwa sababu askari wenzake kwenye picha wanaisikia kama halisi na kukimbia. Mlio wenyewe umekuwa mhusika.

Kiti cha Nyuma

Kuna anayeweza kueleza kwa nini mfululizo wa Police Academy ulichoka? Filamu saba, 1984 mpaka 1994, ya kwanza iliingiza zaidi ya dola milioni 80 Marekani pekee.

Mkanda 35

Mkuu, ya kwanza ina sababu ya kila mtu kuwepo: meya ameondoa masharti ya kujiunga, chuo kinalazimika kupokea yeyote, na Luteni Harris wa G.W. Bailey anataka wote waondoke. Kila anguko lina maana, maana kuna mtu anaweza kufukuzwa. Kuanzia ya pili wameshakuwa askari kamili. Hatari imeondoka, vinabaki vituko. Steve Guttenberg, aliyekuwa kiungo cha kundi, alitoka baada ya ya nne. Kwa maoni yangu hata hivyo, David Graf kama Tackleberry hakuwahi kulegea.

Naked Gun, filamu ya vichekesho ya mpelelezi wa polisi, ilipita njia nyingine. Ilianza kama Police Squad! kwenye televisheni mwaka 1982, vipindi sita tu vikasimamishwa. Vichekesho vingi viko kwa nyuma ndani ya picha, na mtu anayepika huku televisheni inaongea havioni. Ilipokuja ukumbini 1988, watu wamekaa gizani wanatazama skrini tu, vyote vikaonekana. Leslie Nielsen, mwigizaji wake mkuu, alikuwa amecheza sura za ukali kwa miaka mingi, na kwenye hii hakubadilisha chochote usoni. Anayejaribu mtindo huo achague mwigizaji wa tamthilia nzito, asichague mchekeshaji.

Kiti cha Nyuma

Asante. Na kopi za filamu za Keystone zinazokimbia mno, zinatazamwaje?

Mkata Picha

Jaribu kuweka kasi ya 0.75 kwenye kichezeo chako. Angalia watu wanaotembea tu, siyo wanaokimbia: wakitembea kama binadamu, acha hapo. Usishuke mpaka kila kitu kiwe halisi kabisa, kwa sababu mbio zao zilikusudiwa ziwe za kasi tangu siku ya kupiga picha. Zima na muziki uliobandikwa kama umekimbizwa pamoja na picha, na weka wa piano ulio huru.