Kuumbiza tarehe kwenye lugha ya skripti: strftime ya C, au tuandike ya kwetu?

tawi_kuu
Habari wakuu. Tuna lugha ndogo ya skripti, chanzo huria, intapreta yake (programu inayoendesha skripti) imeandikwa kwa lugha ya C. Kwa sasa kuna `saa()` peke yake, inarudisha sekunde tangu 1970-01-01, na watumiaji wamechoka kugawa kwa 86400 (sekunde za siku moja) wenyewe. Toleo lijalo lazima liwe na fanksheni ya kuumbiza tarehe. Nimebaki na njia tatu:

A. Kuita `strftime`, fanksheni ya maktaba ya C inayogeuza tarehe kuwa maandishi, na kuipa umbizo (mpangilio wa alama) la mtumiaji kama lilivyo. Mistari 20 hivi.
B. Kuandika kiumbizaji chetu, lakini kwa alama zilezile za strftime (`%Y-%m-%d`).
C. Kuandika cha kwetu chenye alama za herufi: `yyyy-MM-dd HH:mm:ss`.

Ipi mngechukua? Nafunga tawi la toleo hivi karibuni.

bafa_tupu
Mkuu, umeuliza dawa bila kutaja ugonjwa. Inaendeshwa kwenye mifumo gani? Windows imo? Namba ya `saa()` ni namba kamili au double (yenye desimali)? Intapreta inaita `setlocale` (inayochagua lokale, yaani lugha na desturi za mashine)? Kuna threadi (kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja)? Na mtumiaji anataka UTC (saa ya kimataifa), saa za eneo la mashine, au eneo lolote atakalolitaja? Hilo la mwisho peke yake linaweza kubadilisha kila kitu.

kibano
A, bila kusitasita. Aliyewahi kutumia amri ya `date` kwenye ganda (shell) anazijua alama tayari. gawk wana `strftime(umbizo, sekunde, utc)`, Bash tangu 4.2 wana `printf '%(%F %T)T' -1`, Lua wana `os.date`, Perl, Python na Ruby ni hivyohivyo. Lugha ndogo isijifanye mwalimu wa alama mpya.

alama_asilimia
Kibano, hakuna anayebishia alama. Shida ni nani anazitekeleza. "Umbizo la mtumiaji kama lilivyo" ndiyo sentensi inayonitia hofu.

Microsoft: alama isiyojulikana ikifika kwenye strftime yao, inaamsha kishughulikiaji cha parameta batili, na kwa chaguo-msingi kazi yake ni kuua programu nzima. Hairudishi kosa. Yaani skripti yenye `%Q` inaiangusha intapreta yako. Lua 5.1 walikuwa wanapitisha alama bila kuzikagua, kuanzia 5.2 wanazilinganisha kwanza na orodha ya zinazoruhusiwa (`LUA_STRFTIMEOPTIONS`), na isiyokuwemo inatoa kosa la kawaida la lugha.

Ukikompaili kwa MinGW (kompaila ya Windows) inayotumia msvcrt.dll, maktaba ya zamani ya C ya Windows, hata `%F` (tarehe kamili) na `%e` (siku ya mwezi) hazimo. `%Z` (jina la eneo la saa) nayo kwenye Windows inakupa jina refu la aina ya "W. Europe Standard Time", tena kwa usimbaji (namna ya kuhifadhi herufi) wa mfumo, si lazima UTF-8. Stringi zenu zikiwa UTF-8, hapo mnaingiza takataka kimyakimya.

tawi_kuu
Samahani, niliacha mengi. Linux, macOS na Windows. `saa()` ni double. `setlocale(LC_ALL, "")` inaitwa mwanzoni kwa sababu ya kulinganisha herufi. Threadi hakuna, ila kuna watu wanaoipachika intapreta ndani ya programu zao zenye threadi.

bafa_tupu
Basi A umeshaipoteza, hujajua tu.

Double: kabla ya kuigeuza kuwa `time_t` (aina ya C ya kuhifadhi sekunde), kagua NaN (isiyo namba), infiniti na ukubwa, maana kugeuza double isiyoenea kwenye namba kamili ni tabia isiyofafanuliwa katika C. Kisha tumia `floor`, usikate desimali tu: -0.5 ni 1969-12-31 23:59:59, ukikata inakuwa 1970.

Threadi: `localtime` na `gmtime`, zinazogeuza sekunde kuwa tarehe, zinarudisha pointa ya kumbukumbu ya pamoja. Tumia `localtime_r`, kwenye Windows ni `localtime_s`, na hoja zake zimekaa kinyume, `tm` (muundo wenye mwaka, mwezi, siku na saa) kwanza halafu `time_t`. Zote zinaweza kurudisha kosa: mpe mtu sekunde 1e18, mwaka hauenei kwenye `int` ya `tm_year`, unapata NULL, na usipokagua ni kuanguka. Windows inakataa hata sekunde hasi, yaani tarehe za kabla ya 1970.

Lokale: `setlocale` mliyoita inahusu pia LC_TIME (sehemu ya lokale inayohusu tarehe), kwa hiyo `%B` (jina la mwezi), `%c` (tarehe na saa) na `%p` (asubuhi/jioni) zitabadilika mashine hadi mashine. Skripti inayoandika logi kwa `%d %b %Y` kwenye mashine moja haitasomeka na skripti ya mashine nyingine.

mdudu_wa_usiku
Niongeze la bafa (kumbukumbu ya kuandikia matokeo), maana hapo ndipo A inapoumiza zaidi, na linafuata njia ileile kila mara.

`strftime` inarudisha idadi ya baiti ilizoandika. Matokeo yakizidi bafa inarudisha 0, na kilichomo ndani ya bafa hakitabiriki. Mwandishi anasoma hivyo, anaandika kitanzi: jaribu baiti 128, ukipata 0 zidisha kwa mbili, jaribu tena. Kinafanya kazi miezi mingi. Siku moja anatokea mtumiaji ambaye lokale yake haina alama za asubuhi na jioni, anaandika umbizo lenye `%p` peke yake. Jibu sahihi ni stringi tupu, yaani urefu 0. Kitanzi kinadhani bafa ni ndogo. 256, 512, megabaiti, gigabaiti, hadi mfumo unaua mchakato. Umbizo tupu `""` linafanya vilevile, na hilo halihitaji lokale yoyote ya ajabu.

Tiba ya kwanza anayoikimbilia mtu ni kuweka kikomo: bafa isizidi mara 256 ya urefu wa umbizo, kisha ukubali 0 kuwa ni tupu. Inazuia kitanzi. Lakini glibc (maktaba ya C ya Linux) inakubali upana ndani ya alama, kwa hiyo `%5000Y` ni mwaka uliojazwa sifuri hadi tarakimu 5000. Umbizo ni herufi 6, kikomo ni 1536, matokeo hayaenei. Sasa mtumiaji anapata stringi tupu bila kosa, na hilo ni baya kuliko kuanguka.

Iliyo salama ni moja kati ya mbili. Ama ongeza herufi moja ya mlinzi mwanzoni mwa umbizo, mfano nafasi, ili jibu halali lisiwe kamwe 0, kisha uitoe herufi hiyo. Ama fanya kama Lua: tembea umbizo herufi kwa herufi, kila alama moja iite `strftime` peke yake kwenye bafa ndogo ya ukubwa maalumu (Lua 5.3 ni baiti 250), mengine yanakiliwa kama yalivyo. Hiyo ya pili ndiyo inayokupa pia nafasi ya kukagua alama.

robo_baiti
Njia C jamani. `yyyy-MM-dd` inasomeka hata na asiye mtaalamu. `%M` ni dakika, `%m` ni mwezi, nani anakumbuka?

alama_asilimia
Kwenye njia C pia `MM` ni mwezi na `mm` ni dakika, kwa hiyo hujaponya kitu. Na umeleta mtego mpya: kwenye mifumo ya ICU (maktaba ya kuumbiza tarehe kwa lugha nyingi) `YYYY` ni mwaka wa wiki, `yyyy` ndio mwaka wa kalenda. Jumatatu 2024-12-30 iko wiki ya 1 ya mwaka 2025, kwa hiyo `YYYY-MM-dd` inaandika 2025-12-30. Hitilafu hiyo inalala mwaka mzima na kuamka siku chache za mwisho wa Desemba au mwanzo wa Januari, wakati hakuna anayeangalia. `DD` nayo ni siku ya mwaka, si ya mwezi.

Kisha kuna kunukuu. Kwenye njia C kila herufi inaweza kuwa alama, lazima maandishi ya kawaida yafungwe kwa nukuu moja: `yyyy-MM-dd'T'HH:mm`. Na nukuu yenyewe ukiitaka unaiandika mara mbili. Kwa lugha ambayo stringi zake nazo hutumia nukuu moja, hongera.

robo_baiti
Haya, basi njia ya lugha ya Go: unaandika tarehe ya mfano, `2006-01-02 15:04:05`. Hakuna herufi hata moja ya kukariri.

kibano
Hakuna herufi, kuna namba sita. Na ukikosea ukaandika `2006-02-01` hupati kosa, unapata siku na mwezi vimebadilishana. Tafadhali.

tawi_kuu
Basi niseme naelekea B. Kazi yake ni kubwa kiasi gani kweli? Naogopa hesabu za miaka mirefu (yenye Februari 29).

bafa_tupu
Hesabu ndiyo sehemu rahisi. Siku tangu 1970 kwenda tarehe, kalenda ya Gregori, bila jedwali wala kitanzi (mbinu hii imeelezwa vizuri na Howard Hinnant):

```
z   = siku + 719468;
era = (z >= 0 ? z : z - 146096) / 146097;
doe = z - era * 146097;
yoe = (doe - doe/1460 + doe/36524 - doe/146096) / 365;
doy = doe - (365*yoe + yoe/4 - yoe/100);
mp  = (5*doy + 2) / 153;
d   = doy - (153*mp + 2)/5 + 1;
m   = mp < 10 ? mp + 3 : mp - 9;
y   = yoe + era*400 + (m <= 2);
```

Siri yake ni kuanza mwaka Machi mosi, ili Februari 29 iwe siku ya mwisho na isivuruge kitu. 146097 ni siku za miaka 400. Tumia int64 kote. Siku ya wiki ni `(siku + 4)` modulo 7, Jumapili ikiwa 0, kwa sababu 1970-01-01 ilikuwa Alhamisi. Kwa hasi rekebisha baki, lugha ya C inakupa baki hasi.

`%G` na `%V` (mwaka wa wiki na namba ya wiki): tafuta Alhamisi ya wiki hiyo. Mwaka wa Alhamisi ndio `%G`, siku yake ya mwaka (kuanzia 0) ukigawa kwa 7 na kuongeza 1 ndiyo `%V`. Watu huandika mistari 40 ya `if` kwa jambo hili.

Vipimo usivyoviacha, vyote UTC: `-1` → 1969-12-31 23:59:59, `951782400` → 2000-02-29, `1735516800` → 2024-12-30 na `%G-W%V` ni 2025-W01, `2147483648` → 2038-01-19 03:14:08, `4107542400` → 2100-03-01, maana 2100 si mwaka mrefu.

mdudu_wa_usiku
Saa za eneo ndizo ngumu. Usizitekeleze mwenyewe, uliza mfumo. `tm_gmtoff` ipo Linux na macOS, Windows haipo. Njia inayokwenda kote: chukua `tm` kutoka `localtime_r`, igeuze iwe sekunde kana kwamba ni UTC, toa sekunde za mwanzo. Tofauti ndiyo umbali wa eneo.

Ukiandika `%z` (umbali wa eneo kutoka UTC), gawa thamani chanya halafu weka ishara mwenyewe. St. John's ni -03:30. Ukigawa hasi moja kwa moja unachapisha `-03-30`. Na usidhani ni saa kamili, Kathmandu ni +05:45. RFC 3339 (kiwango cha kuandika tarehe kwenye intaneti) inataka nukta mbili (`+05:45`), `%z` ya kawaida haiweki. GNU date wana `%:z`, Python wameiongeza 3.12. Iwekeni tangu mwanzo.

Na `%s` (sekunde tangu 1970) itoeni kwenye sekunde mlizonazo. Ile ya maktaba huipitisha `tm` kwenye `mktime` (inayoigeuza kuwa sekunde) kama saa za eneo, kwa hiyo ukiwa na `tm` ya UTC unapata namba iliyokosea kwa umbali wa eneo lako.

kibano
Kwa hiyo mistari 20 imekuwa 300, na bado majina ya miezi ni ya Kiingereza tu.

alama_asilimia
Ni sawa yawe ya lugha moja, mradi yawe yaleyale kila mashine. Anayetaka lugha yake ampe fanksheni orodha ya majina 12. PHP waliiweka `strftime` yao kwenye orodha ya zinazoachwa tangu 8.1, sababu mojawapo ikiwa ni hii ya kutofautiana mfumo hadi mfumo.

tawi_kuu
Nimekusoma. Mpangilio wa hoja je? `umbiza(sekunde, "%F")` au `umbiza("%F", sekunde)`?

kibano
Umbizo kwanza, sekunde hiari, zikikosekana ni sasa hivi. Kama gawk. Hapo angalau nisikilizwe.

bafa_tupu
Umbizo kwanza, ndiyo, lakini UTC isiwe hoja ya tatu ya kweli/uongo. `umbiza("%F", t, kweli)` baada ya miezi sita hakuna anayejua kweli ni nini. Bora Lua, `!` mwanzoni mwa umbizo.

alama_asilimia
`!` ndiyo isiyosomeka kabisa. Fanyeni fanksheni mbili, moja ya UTC na moja ya saa za eneo.

robo_baiti
Na kusoma tarehe kutoka stringi? Mtakapoweka kuandika, ombi la pili litakuwa hilo, siku hiyohiyo.

mdudu_wa_usiku
Windows haina `strptime`, kwa hiyo ni kuandika tena. Mkifika huko msiruhusu `%y` (mwaka wa tarakimu mbili): POSIX (kiwango cha mifumo ya aina ya Unix) inasoma 69 hadi 99 kama 1969 hadi 1999, na 00 hadi 68 kama 2000 hadi 2068.

kibano
Ukiitoa kwenye kusoma, itoe na kwenye kuandika.

mdudu_wa_usiku
Kwenye kuandika haina madhara.

kibano
Andika tarehe ya kuzaliwa ya mtu wa 1968 kwa `%y`, uisome tena, uniambie ana umri gani.

tawi_kuu
Wakuu, `%y` tutaijadili kwenye uzi wake. Bado sijajua `!` au fanksheni mbili.