Naomba ushauri: kijana yatima, hana cheti cha kuzaliwa wala kitambulisho

Salaam wakubwa. Mtoto wa marehemu dada yangu ametimiza miaka 18. Mamake alifariki yeye akiwa na 6, babake alikwishatangulia. Akachukuliwa na jamaa Likoni, hapa Mombasa, na, sitaficha, nilijua anavyoteswa nikanyamaza. Alilala jikoni juu ya gunia, akisukuma mkokoteni wa maji, shule ikakatika darasa la sita.

Sasa yuko kwangu Kisauni, huu ni mwezi wa tatu tangu aje. Hadi leo hulala na ndala chini ya mto, kama mtu wa safari. Hutoweka siku mbili, nikimuuliza: "Nilikuwa feri, mjomba, naangalia meli." Anautaka ubaharia, lakini bila kitambulisho ataanzia wapi?

Hapo ndipo tumekwama. Alizaliwa nyumbani, cheti hana. Chifu kanipa barua, ila ofisini wanataka kitambulisho cha mzazi au cheti cha kifo, na cha dada hatukuwahi kukichukua.

Aliyepitia haya anisaidie: nianze na cheti cha kifo cha dada, au usajili wa kuchelewa wa kuzaliwa kwa kijana? Na huku kutorokatoroka, nimshike vipi asione amefungwa tena?