Nimelipa 490,000 likizo ya Juni kwa "kambi ya baleti", mwanangu wa miaka mitano karudi na paja limevutika

Wakuu habari za leo.

Nina hasira, na nitaandika nikiwa nayo hivi hivi. Nikisubiri ipoe nitaanza kujiambia "basi tu, yameshapita", halafu Desemba hawa watu watabandika tena lile tangazo lao na mzazi mwingine ataingia mkenge. Jina la sehemu silitaji, kwa sababu barua ya malalamiko naiandaa na sitaki mtu aseme namchafua mtandaoni kabla hajajibu. Ila mambo yenyewe nayaweka yote.

Binti yangu ana miaka mitano na miezi. Aliona kwenye simu ya mama yake mdogo ile video ya mvulana wa Lagos anayecheza baleti pekupeku kwenye mvua, ile iliyozunguka dunia nzima mwaka 2020. Aliirudia mpaka bando likaisha. Tangu siku hiyo kila jioni nikirudi kazini namkuta ameshika nondo za dirisha la sebuleni, kisigino kwa kisigino, anashuka taratibu, anapanda taratibu. Dada anayenisaidia nyumbani anamhesabia. Hakuna aliyemfundisha. Nikasema huyu mtoto kitu chake nimekiona, likizo hii namtafutia mahali.

Kutafuta tu ni kazi. Wazazi wa upande wetu huu wa Tabata, Segerea, Kinyerezi mnajua. Shughuli za watoto za likizo karibu zote ziko ng'ambo ya kule, Masaki, Oysterbay, Mikocheni, na zinafuata kalenda ya shule za kimataifa. Mtoto wa shule ya kawaida anafunga mwanzoni mwa Juni, mwanzoni mwa Julai anarudi darasani. Wao "likizo" yao inaanza mwishoni mwa Juni na kwenda hadi Agosti. Nimepiga simu sehemu nne. Mbili zinaanza wakati wangu ameshavaa sare. Moja ilikuwa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 5, na mimi ni mwajiriwa, saa 5 nani anamfuata mtoto? Ya nne ndiyo hii iliyoniumiza, na niliona kama Mungu kanifungulia mlango: wiki mbili za Juni, saa 3 hadi saa 9 alasiri, watoto "wamegawanywa kwa umri", "walimu waliosomea", "sakafu maalumu ya kuchezea". Hayo ni maneno ya tangazo lao, bado ninalo kwenye simu.

Bei nimetumiwa kwa dola. Dola 140. Nikawauliza, jamani, Machi 2025 si zimetoka kanuni zinazokataza kutangaza na kulipisha bei za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni? Nikajibiwa "lipa kwa shilingi tu mama, hamna shida", na kiwango wamejipangia wenyewe: 385,000. Usajili 30,000. Nguo 75,000, na lazima ununue kwao. Jumla 490,000. Nimeomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nimeandikiwa karatasi ya daftari kwa kalamu ya bluu. Hapo ningegeuza. Sikugeuza, kwa sababu mtoto alikuwa amesimama pembeni yangu anachungulia ndani.

Sasa hii habari ya nguo naomba niiseme vizuri, maana imenichoma zaidi hata ya hela. Mimi nilikuwa nimeshamtafutia taiti Kariakoo, za kahawia, zinaendana na miguu yake, na leotadi nyeusi, lile vazi la kubana mwili la mazoezi. Alipozivaa alipendeza, mguu unauona wote tangu nyonga hadi kidole. Siku ya kwanza kavuliwa. "Baleti ni pinki, mama." Mtoto wangu ni mweusi, kavalishwa taiti ya pinki mpauko mbele ya wenzake akiambiwa zile alizokuja nazo siyo za baleti. Karudi nyumbani ananiuliza kama miguu yake ni mibaya.

Na ni uongo! Kule Marekani kikundi cha Dance Theatre of Harlem kilichoanzishwa mwaka 1969 kiliacha pinki tangu miaka ya 1970, kila mchezaji anavaa taiti na viatu vya rangi ya ngozi yake. Kampuni ya Freed ya London mwaka 2018, pamoja na kikundi cha Ballet Black, ilianza kutoa viatu vya kahawia kwa wachezaji weusi waliochoka kupaka viatu vyao vipodozi kabla ya onyesho. Hawa wazungu wenyewe wamesogea. Sisi tuko Dar es Salaam, mwalimu mweusi, mtoto mweusi, tunavuana taiti za kahawia. Kwa ajili ya nani?

Kuhusu kugawanywa kwa umri: niliwahesabu mwenyewe, watoto 27 chumba kimoja. Wapo wa miaka minne, wapo wadada wa miaka 12 wenye vifua tayari. Mwalimu mmoja na kijana msaidizi. Sakafu maalumu ni vigae, vile vyeupe vya kung'aa vya bafuni, juu yake wametandaza mkeka wa plastiki vipande vitatu, na watoto wa nyuma mkeka haukuwafikia. Mtoto anaruka anatua kwenye kigae. Sakafu ya kuchezea baleti ni ya mbao iliyoinuliwa kidogo chini kuwe na uwazi, ili inywe ule mshindo usiishie kwenye kifundo na goti. Najua kuna mtu atakuja na hoja kwamba yule mvulana wa Lagos alichezea kwenye saruji ya mvua. Ni kweli. Lakini shule yake inafundisha watoto bure, kwa walichonacho, na hakuna mzazi aliyeuziwa saruji kwa jina la sakafu maalumu.

Siku ya kwanza karibu nusu imeisha kwenye kupiga picha. Siku ya tatu mwalimu hakuja, watoto wamewekewa katuni. Kuanzia siku ya nne ni mazoezi ya onyesho la mwisho, na onyesho lenyewe mzazi analipa kiingilio 20,000. Nilivumilia, kwa sababu binti yangu alikuwa bado anaamka kabla yangu na kuvaa mwenyewe.

Jumatatu ya wiki ya pili bosi aliniruhusu mapema, nikafika saa 7 na nusu. Mlango wao ni wa kioo. Nikamwona mwanangu amekaa kwenye kigae, miguu imetanuliwa msamba. Yule kijana amepiga goti nyuma yake, viganja viwili mgongoni, anamsukuma chini kifua kiguse sakafu. Mdada mmoja mkubwa amewekwa mbele amzuie visigino visirudi. Mwanangu kakamata taiti yake kwa ngumi, mdomo kaufunga, machozi yanadondoka kwenye kigae na sauti haitoki. Sauti haitoki kwa sababu wamefundishwa, na hili kaniambia mwenyewe kwenye bajaji, kwamba "mchezaji wa baleti halii".

Niliingia. Sitaandika nilichosema. Nikambeba na viatu vyake mkononi.

Usiku alikuwa anapanda kitandani kwa kuinua mguu kwa mikono. Asubuhi zahanati, daktari kambonyeza akaniambia misuli ya ndani ya paja imevutika, apumzike, asiruke, asikimbie wiki mbili. Likizo yake imeishia kwenye kochi.

Nikampigia mwenye sehemu. Hakuomba hata samahani. "Mama, baleti ni nidhamu, Warusi ndivyo wanavyofanya, ukimwonea huruma hatakuwa mchezaji." Nimekaa nimesoma tangu siku hiyo, na sasa namjibu hapa hadharani. Shule kubwa ya Warusi, Vaganova ya Saint Petersburg, inapokea watoto wa miaka kama 10 hivi, tena baada ya kuwapima mwili wote. Siyo mtoto wa chekechea. Royal Academy of Dance ya London, ambayo iko tangu mwaka 1920 na mitaala yake inatumika nchi nyingi, mtoto wa miaka mitano wanamweka ngazi ya kabla ya msingi kabisa. Anafanya nini huko? Anasikiliza muziki, anatembea kwa mdundo, anarukaruka kama farasi, anakunja magoti na kuyanyoosha, ananyoosha kidole cha mguu na kukirudisha, anajifunza kusubiri zamu yake. Dakika thelathini, arobaini na tano, kwisha. Hakuna kumkanyaga mtu mgongo. Ule mguu kufunguka nje, vidole vikaelekea pembeni, unatoka kwenye nyonga na unakuja taratibu kwa miaka. Viatu vya kusimamia ncha za vidole ni mambo ya miaka 11, 12 kwenda juu, mifupa ikishakomaa kidogo.

Na hii haraka ni ya kwenda wapi? Mmarekani Misty Copeland alianza baleti akiwa na miaka 13. Mwaka 2015 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mchezaji mkuu wa American Ballet Theatre, kikundi kikubwa cha baleti kule kwao. Hapa jirani tu Nairobi, Joel Kioko katoka mtaa wa Kuwinda, baleti kaijulia shuleni, na mwaka 2017 kaenda kusoma English National Ballet School kule London. Wangu ana miaka mitano. Ana muda.

NYONGEZA: nimeona michango, nashukuru sana, wengine mmenipigia simu kabisa. Nijibu mawili matatu.

Anayesema "baleti ni ya wazungu, mpeleke akacheze ngoma": ndugu yangu, ngoma anacheza. Mama yangu ni Mzaramo wa Kisarawe, mdundiko ukipita mtaani kwetu huyu mtoto hutamshika. Na ndiyo maana nina uchungu. Kwenye mdundiko mtoto anafuata nyuma, anawaangalia wakubwa kiuno kinavyokwenda, anaiga, anakosea, anacheka, mwaka unaofuata anakosea kidogo. Bibi zetu hawakuwahi kusoma mitaala ya London lakini walijua mtoto anaachwa mwili umfundishe. Hawa wamesoma, au wanasema wamesoma, na hilo hawalijui.

Anayeniuliza kwa nini sikukaa kuangalia tangu siku ya kwanza: wazazi hatukuruhusiwa. Tuliambiwa watoto wanadeka wakiona mama zao. Nilikubali na najuta. Safari nyingine mlango ukifungwa nyuma ya mtoto wa miaka mitano, na mimi nitakuwa ndani.

Kuna mama kaniambia na wake alikuwa pale pale wiki ile ile na alilia usiku akilalamika goti. Mama huyo naomba tuwasiliane, barua ikiwa ya wazazi wawili ina uzito. Naipeleka Tume ya Ushindani, maana kumtangazia mteja sakafu maalumu na makundi ya umri halafu kumpa vigae na watoto 27 ni kumdanganya mlaji. Suala la risiti na dola nalo lina wenyewe, nao watapata nakala.

Jana mwenye sehemu kanitumia ujumbe, atanirudishia 150,000 nikifuta huu uzi. Siufuti. Nataka 490,000 yote, hela ya zahanati, na lile tangazo libadilishwe kabla ya Desemba liseme ukweli: watoto wangapi, sakafu gani, mwalimu kasomea wapi.

Binti yangu mguu umepona. Wiki nzima hakugusa dirisha. Juzi usiku nikiwa napanga vyombo kaja nyuma yangu akaniuliza, "Mama, ile ya dirishani na ile ya kule ni baleti moja?" Nikamwambia hapana, ile ya dirishani ndiyo yenyewe. Akaenda akashika nondo, akashuka mara moja, akaniangalia kama namwangalia.

Kwa hiyo bado natafuta. Mwenye kumjua mwalimu anayefundisha wadogo, hata mara moja kwa wiki, hata sebuleni kwake, hata akiwa mbali nitapanda mwendokasi na bodaboda, aniandikie hapa. Ila msiniandikie jina tu. Niambieni wako wangapi darasani, wanatua kwenye nini, mzazi anakaa wapi, na bei iwe ya shilingi.