Ulinganisho: kukariri nywila, kuziandika daftarini, kuziacha kwenye kivinjari au kutumia programu ya kuzitunza?

Mkunazi (mwanzilishi wa mada)

Ndugu zangu, salaam. Jamaa zangu kadhaa wameniomba ushauri kuhusu utunzaji wa nywila, na kila mmoja amekwisha kusoma maelekezo yanayopingana na ya mwenzake. Naomba tulinganishe njia nne ambazo watu huzitumia kweli: kukariri nywila zote, kuziandika katika daftari, kuziacha kwenye kivinjari, na kutumia programu maalumu kama KeePassXC au Bitwarden. Tuzipime zote kwa maswali mawili yaleyale: njia hiyo inamzuia mshambuliaji wa aina gani, na siku mwenye akaunti akipoteza simu au akisahau, ataingiaje tena?

Nianze na msimamo wangu. Naona hatari kubwa kuliko zote ni nywila moja kutumika katika akaunti nyingi. Tovuti moja ikivuja, wadukuzi huzichukua anwani za barua pepe pamoja na nywila zake, kisha huzijaribu kwa mashine katika huduma nyingine zote maarufu. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ilivujisha nywila takribani milioni 32 zilizokuwa zimehifadhiwa wazi, bila kufichwa kwa namna yoyote. Siku ile aliyekuwa na nywila ngumu kabisa hakuwa na nafuu yoyote kuliko yule aliyeandika 123456. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kila akaunti kuwa na nywila yake, na hapo ndipo njia ya kukariri zote inaponishinda kuielewa, maana sijui ni nani awezaye kubeba kichwani nywila mia moja zisizofanana.

Kalamu

Ndugu Mkunazi, naomba niitetee njia ya kukariri. Mtu anaweza kuwa na kanuni: anakariri shina moja gumu, kisha kwa kila tovuti anaongeza herufi chache za jina la tovuti hiyo. Nywila zinatofautiana, wala hakuna faili la kuibwa. Je, kanuni hiyo haitoshi?

Kipanga

Dada Kalamu, kanuni hiyo inamzuia mwenye mashine inayojaribu nywila kama zilivyo, lakini haimzuii mtu anayesoma kwa macho. Nywila zako mbili zikivuja kutoka tovuti mbili tofauti, atakayeziweka pamoja ataliona shina papo hapo, na kuanzia hapo anazo nywila zako zote, hata zile za tovuti ambazo hazijawahi kuvuja. Kuna na udhaifu wa pili usiosemwa sana: tovuti moja ikikulazimisha ubadilishe nywila, kanuni yako inapata kighairi, na baada ya vighairi vitano sita unarudi palepale pa kukariri.

Hata hivyo kukariri kuna mahali pake. Zipo nywila mbili au tatu ambazo lazima zikae kichwani: ya kufungulia kompyuta, ya programu ya kutunza nywila, na pengine ya barua pepe. Kwa hizo ningeshauri maneno yaliyochaguliwa kwa dadu, utaratibu uliobuniwa na Arnold Reinhold mwaka 1995 kwa jina la Diceware. Unarusha dadu mara 5, unapata namba ya tarakimu tano, na namba hiyo inakuelekeza kwenye neno moja katika orodha ya maneno 7776. Unarudia hadi upate maneno sita. Idadi ya mafungu yanayowezekana ni namba yenye tarakimu 24, sawa na idadi ya tarakimu unayoipata kwa nywila ya alama 12 zilizochaguliwa kibahati kutoka herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama zote za kibodi. Tofauti ni kwamba maneno sita yanaweza kukaririwa, kwa sababu akili huyatungia kisa, ilhali zile alama 12 hazina pa kushikia. Ukiishia kwenye maneno manne, unashuka hadi kiwango cha alama 8, na sishauri hivyo kwa nywila kuu, yaani ile inayofungua programu ya kutunza nywila.

Nisisitize jambo moja ambalo wengi hulikosea: nguvu yote inatoka kwenye dadu. Mtu akichagua maneno sita kwa hiari yake, ataleta maneno yanayofuatana kimaana, au atachukua methali. "Haba na haba hujaza kibaba" ina herufi nyingi na inaonekana ndefu, lakini kila anayekijua Kiswahili anaijua, na orodha za wadukuzi zimejaa misemo, mistari ya nyimbo na aya za vitabu vitakatifu. Kuongeza tarakimu 1 mwishoni au kuweka @ mahali pa a hakubadilishi kitu, kwa kuwa programu za kubahatisha hujaribu mabadiliko hayo kabla ya mengine.

Mwale

Mimi nazungumzia daftari, ambalo naona linadharauliwa bila haki. Mdukuzi aliye mbali hawezi kulifikia daftari lililo kabatini, hata awe na mitambo ya namna gani. Kwa mtu mzima ambaye kompyuta inamtia hofu, daftari lenye nywila ndefu na tofauti kwa kila akaunti ni bora mara nyingi kuliko nywila moja anayoikumbuka. Aidha, mwenyewe akiugua au akifariki, familia inajua pa kuanzia, jambo ambalo njia nyingine hulisahau.

Mapungufu yake nayakubali. Moto na maji havina huruma, na daftari halina nakala isipokuwa umeandika la pili. Zaidi ya yote, daftari halimfai mtu ambaye anayemhofia anaishi naye nyumba moja. Kwa mtu huyo ningeiondoa kabisa njia hii kwenye orodha, na huwa nasikitika ninapoona washauri hawaulizi swali hilo kwanza.

Fundi Seva

Nakubaliana na Mwale, ila niongeze pengo moja la daftari: halikuambii kwamba tovuti iliyo mbele yako ni ya bandia. Programu ya kutunza nywila, na hata kivinjari, hulinganisha anwani ya tovuti na ile iliyohifadhiwa, na kama zinatofautiana hata kwa herufi moja haijazi kitu. Jicho la mtu aliyechoka halioni tofauti hiyo.

Kuhusu kivinjari: ni hatua nzuri kuliko kurudia nywila, lakini kinategemea sana usalama wa kifaa. Anayekikuta kifaa kikiwa wazi, au programu hasidi iliyokwisha kuingia ndani, mara nyingi huzipata nywila zote kwa pamoja. Kwa programu maalumu, KeePassXC huweka faili lililosimbwa, yaani lililogeuzwa lisisomeke bila nywila kuu, kwenye kifaa chako mwenyewe, hivyo wajibu wa kutengeneza nakala rudufu ni wako. Bitwarden huliweka kwenye seva, yaani kompyuta za kampuni zilizo mtandaoni, hivyo ukipoteza simu unaingia kwa kifaa kingine. Seva nazo huibiwa. Mwaka 2022 wezi walichukua nakala za hifadhi za wateja wa LastPass, huduma nyingine ya kutunza nywila. Nywila zilikuwa zimesimbwa, lakini anwani za tovuti hazikuwa zimesimbwa, na kilichobaki kati ya mwizi na nywila hizo kikawa ni nguvu ya nywila kuu ya kila mteja. Ndiyo maana maneno sita ya Kipanga yana uzito.

Kalamu

Nashukuru, Kipanga, nimeshawishika kuiacha kanuni yangu. Swali la nyongeza: je, ni lazima kubadilisha nywila kila baada ya siku 90, kama ofisi nyingi zinavyoagiza?

Fundi Seva

Si lazima. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliachana na agizo hilo katika mwongozo wake wa mwaka 2017, kwa kuwa watu wanaolazimishwa hubadilisha tarakimu ya mwisho tu. Badilisha pale unapokuwa na dalili kwamba nywila imevuja. Toleo la mwaka 2025 linataka urefu usiopungua herufi 15 pale ambapo nywila ndiyo kinga pekee.

Mkunazi

Nimefaidika sana. Nimeona pia kwamba hakuna njia kati ya hizi nne inayoziba mlango wa nyuma, yaani kiungo cha "nimesahau nywila". Anayeimiliki barua pepe yako anaweza kuomba nywila mpya za akaunti nyingine zote, kwa hiyo barua pepe ndiyo inayostahili ulinzi wa kwanza na uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuombwa uthibitisho wa pili baada ya nywila. Ningependelea programu inayotoa namba zinazobadilika kila nusu dakika kuliko ujumbe mfupi, kwa sababu tapeli anaweza kuwashawishi watoa huduma wa simu wamhamishie laini yako. Pale ambapo huduma inatoa ufunguo wa siri (passkey) unaokaa kwenye kifaa chako mahali pa nywila na kufunguliwa kwa alama ya kidole, ningeuchukua: sehemu yake ya siri haipelekwi kwenye tovuti, na tovuti ya bandia haiwezi kuutumia.

Hivyo jamaa zangu nitawaambia hivi. Wanaoweza kutumia programu waitumie, wakariri maneno sita ya dadu, na maneno hayo wayaandike pia kwenye karatasi moja itakayofungiwa pamoja na hati zao muhimu. Wasioweza, watumie daftari la Mwale, mradi nyumba yao ni ya kuaminika. Wote wachapishe zile namba za akiba ambazo huduma hutoa wakati wa kuwasha hatua ya pili na kuziweka mbali na simu, kwa sababu simu ikipotea ndizo zitakazowarudisha ndani.

Mwale

Ongeza hapo, Ndugu Mkunazi: wajaribu kuingia kwa namba moja ya akiba wakati simu bado wanayo mkononi, kisha wapige mstari juu ya ile waliyoitumia, kwa kuwa kila namba hufanya kazi mara moja tu.